Pikipiki ilifungwa kila mahali, bado ikaibwa: nifunge nini tena?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kimara. Boxer yangu iliibwa usiku ikiwa uani, kwenye nyumba tuliyopanga. Stelingi ilikuwa imelokiwa, mnyororo uko kwenye gurudumu la mbele, na alamu imewashwa. Asubuhi tulikuta mnyororo umekatwa, na alamu haikulia hata mara moja. Nimekopa tena SACCOS ili ninunue nyingine nimpe kijana wa mtaani kwa mkataba wa miezi 15, hesabu 10,000 kwa siku. Muuzaji ananihakikishia kwamba nikifunga GPS inayozima injini kwa simu, haiibiki. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nifunge nini isiibwe tena?

JIBU: Mwalimu, pole sana. Kukatwa marejesho kila mwezi kwa chombo ambacho hukioni ni jambo linalouma, na ndiyo maana sitaki ulipie mara ya pili ahadi isiyotimizika.

Si kweli. Pikipiki yenye GPS inaibika, na hata yenye GPS mbili inaibika. Mimi ni fundi umeme wa pikipiki na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kufunga vifaa hivihivi, kwa hiyo ningefurahi kukuambia vinatosha. Havitoshi. Kinachouzwa dukani kwa jina la ulinzi ni muda: dakika mbili, dakika tano, pengine robo saa ya kumhangaisha mwizi. Muda huo una faida pale tu anapokuwepo mtu wa kuutumia, yaani mtu wa kusikia, wa kuwasha taa, wa kupiga simu. Asipokuwepo, kufuli la bei kubwa na la bei ndogo yataishia palepale. Wenzetu Uingereza wana taasisi inayoitwa Sold Secure, iliyoanzishwa 1992 kwa kazi ya kupima makufuli. Wapimaji wake hushika zana wakalishambulia kufuli huku saa ikihesabu, na kufuli hupewa daraja kwa namna lilivyostahimili. Hakuna daraja la "haliibiki". Hata kufuli bora hupimwa kwa dakika.

Turudi uani kwako usiku ule, kwa sababu yaliyotokea pale yanaeleza karibu kila kitu.

Loki ya stelingi ni kipini chembamba cha chuma kinachoingia kwenye tundu la shingo ya fremu. Hendeli ni ndefu, na mtu mwenye nguvu akiivuta kwa ghafla upande mmoja, kipini hupinda au hukatika. Ni sekunde chache. Mnyororo wako ulipita kwenye gurudumu la mbele peke yake, na sidhani kama ulishika nguzo wala ukuta. Boxer ina uzito wa kilo 110 hadi 125 hivi kutegemea toleo. Wanaume wawili wanaipandisha kwenye kirikuu na mnyororo wako ukiwa palepale, wakaukate wanakokujua. Wao waliukata uani kwa sababu ulikuwa mwembamba kiasi cha kutowachelewesha. Na alamu, mwalimu, inakula umeme wa betri ileile ya pikipiki. Betri ikitenguliwa, king'ora kinakufa, isipokuwa kama kina kibetri chake ndani, na zile za bei ya chini nyingi hazina. Kuna jambo jingine linalotokea sana: alamu inayolia kila paka akipita huwachosha wapangaji, mwenye pikipiki anapunguza makali yake au anaacha kuiwasha, na hata ikilia kweli hakuna anayeamka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi, pengine kwa kutolijua. Pikipiki nyingi ndogo za hapa mjini, hasa za Kichina zilizofuata muundo wa Honda CG125, zina CDI (kile kiboksi kinachotoa cheche ya kuwashia injini) inayopata umeme wake moja kwa moja kwenye magneti, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini, bila kuhitaji betri. Katika mfumo huo ufunguo hauwashi injini. Kazi yake ni kuizima: ukigeuza kuzima, waya mmoja wa CDI unagusishwa na bodi, yaani chuma cha pikipiki, cheche inakufa. Kwa hiyo swichi ya ufunguo ikishatengwa na nyaya zake, CDI haina habari kwamba umezima. Kiki inapigwa, injini inanguruma, hata kama betri haipo kabisa. Nyingine zina CDI ya umeme wa betri, na hizo zinahitaji umeme upite kwenye swichi ndipo ziwake, lakini nazo hazimsumbui sana mtu anayezifahamu nyaya. Mwambie fundi akuonyeshe yako ni ya namna gani kabla hujanunua kifaa chochote, maana kila uamuzi wa ulinzi wa umeme unategemea jibu hilo.

Hapo ndipo swichi ya siri, ile inayofichwa ili injini isiwake bila wewe kuifungua, inapopata maana au kuikosa. Mafundi wengi huifunga kwenye waya wa ufunguo kwa sababu ndio rahisi kuufikia. Wanaificha chini ya siti au ubavuni mwa boksi la betri, mahali ambapo mwizi hupapasa kwanza. Kwenye pikipiki ya CDI ya magneti, swichi ya namna hiyo ni pambo. Inayofaa inakata waya unaoiambia CDI wakati wa kupiga cheche, ule unaotoka kwenye pulsa, kihisio kidogo kilicho kwenye magneti. Waya huo ukikatika hakuna cheche, awe ametenga ufunguo au la. Mwizi mwenye utulivu na tochi ataufuata mpaka aupate, ila atachukua muda, na usiku, uani kwa watu, wezi wengi hawana utulivu huo. Gharama yake ni ndogo kuliko kitu kingine chochote nitakachokitaja humu. Fundi afiche swichi mahali mtakapochagua wewe na dereva, na pasiwe mahali anapowafungia wateja wake wote.

Hili linahusu moja kwa moja GPS uliyoambiwa. Kifaa hicho huzima injini kupitia relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, na relei nayo huungwa kwenye waya fulani. Ikiungwa kwenye waya wa ufunguo, umenunua kitu kinachomzuia dereva wako tu, mwizi hakimhusu. Jaribio la kumpa fundi ni jepesi: akimaliza kufunga, mwambie azime injini kwa simu yako. Kisha achomoe soketi ya swichi ya ufunguo na apige kiki. Injini ikiwaka, arudie kazi. Akianza kukueleza kwa nini jaribio hilo si la lazima, tafuta fundi mwingine. Na kifungo hicho cha kuzima usikibonyeze kamwe pikipiki ikiwa inatembea. Hujui aliye juu yake ni nani, wala lori lililo nyuma yake kwenye Barabara ya Morogoro liko umbali gani. Vifaa vizuri hungoja mwendo ushuke ndipo vikate. Uliza kama chako kina tabia hiyo.

Upande wa kufuatilia, GPS inasaidia, na nakushauri uifunge. Nataka tu ujue inaishia wapi. Satelaiti zinazotoa mawimbi hayo ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu, na mawimbi yakifika chini ni dhaifu mno. Pikipiki ikiingizwa kwenye kontena au stoo ya bati, unabaki na mahali ilipoonekana mara ya mwisho. Kijifaa cha kuvuruga mawimbi, ambacho wezi wanaoijua kazi yao wanacho, hufanya hivyohivyo palepale barabarani. Kibetri cha ndani ya traka, yaani kifaa chenyewe cha GPS, hudumu saa chache tu umeme wa pikipiki ukikatwa. Halafu kuna laini. Traka ina laini ya simu ndani, na laini hiyo inahitaji bando. Wenye traka wengi hugundua siku ya wizi kwamba bando liliisha zamani. Wengine laini imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu wa dukani, na mtu huyo hapatikani. Laini iwe ya kwako, kwa namba yako ya NIDA, na kila Jumatatu fungua programu uhakikishe nukta inatembea. Dakika moja inatosha.

Tuseme vyote vimefanya kazi, na saa tisa usiku simu yako inaonyesha nukta ndani ya mtaa uliobanana. GPS ya kawaida inakosea mita kadhaa, na karibu na kuta ndefu zaidi ya hapo. Mita kumi katika mitaa yetu ni nyumba nne, kila nyumba ina wapangaji wanane. Huwezi kugonga milango, na usijaribu. Nukta ni ya kuwapa polisi wenye mamlaka ya kuingia. Pikipiki kadhaa zimepatikana hivyo, kwa sababu mwenyewe alifika kituoni mapema na karatasi zake zote mkononi. Aliyechelewa mpaka asubuhi alikuta traka imetupwa mtaroni.

Kufunga kwa chuma nako kuna maana, ukifunga inavyotakiwa. Mnyororo wa milimita 8 au 10 unakatwa kwa mkasi wa nondo na mtu mmoja. Kuanzia milimita 13, kama chuma kimekomazwa kweli, mkasi wa mkono huanza kushindwa, na kwenye 16 unashindwa kabisa. Grainda ya betri haishindwi na chochote kati ya hivyo, lakini inalia na kurusha cheche, na kelele ile ndiyo unayoilipia. Upitishe mnyororo kwenye fremu na ushike kitu kisichobebeka, kwa mfano kitanzi cha nondo ya milimita 16 kilichofukiwa kwenye zege (mwombe mwenye nyumba ruhusa, wengi hukubali). Usiuache ulale chini, kwa sababu mkasi ukiegemezwa sakafuni mwizi anaukanyaga kwa uzito wa mwili wote. Uning'inie juu, ukiwa umekazwa. Kuhusu yale makufuli madogo ya diski yanayopambwa vioo vya maduka Kariakoo: Boxer na TVS nyingi za bodaboda zina breki za drami mbele na nyuma, na kufuli la diski halina pa kukaa. Angalia gurudumu lako kwanza. Kufuli lolote ulilonalo litie mafuta mara kwa mara, upepo wetu wa bahari una chumvi na hulifanya ligome siku unapolihitaji.

Ukiweza kuilaza ndani, ilaze ndani. Lakini isiwe chumba chenye jiko la mkaa au la gesi, wala karibu na godoro la watoto, maana kabureta na tangi hutoa mvuke wa petroli hata injini ikiwa baridi. Kama ndani haiwezekani, nenda kaongee na wapangaji wenzako, mmoja mmoja. Nani anarudi mwisho usiku? Nani anafunga geti? Taa ya uani analipa nani? Makubaliano hayo, pamoja na taa ya kuwaka yenyewe mtu akipita, yana nguvu kuliko alamu, kwa sababu yanaleta yule mtu niliyemtaja mwanzo, wa kuutumia muda. Baadhi ya mitaa ina vikundi vya ulinzi shirikishi. Mwulize mjumbe wako kama chenu kinapita kwenye uchochoro wenu na saa ngapi.

Sasa naomba unisikilize kwa makini, mwalimu, kwa sababu swali lako halikumgusa mtu ninayemhofia zaidi, naye ni yule kijana.

Kila kufuli linapokuwa gumu, njia iliyobaki ya kupata pikipiki inayowaka ni kumnyang'anya aliye juu yake. Hapo stelingi haijalokiwa, swichi ya siri iko wazi, ufunguo uko mahali pake. Vifaa vyote ulivyolipia vimelala. Mtindo unajulikana vijiweni: abiria wa saa saba usiku anayeelekea Chanika ndani au Kibamba ndani, anayebadili mwisho wa safari njiani. Au wawili wanaotaka mshikaki. Au mwenye mwenzake "anayemsubiri hapo mbele". Au mkarimu mno anayemnunulia dereva soda iliyokwisha kufunguliwa. Vijana wamekufa kwa njia hizi, wengine wamebaki na ulemavu. Sheria ni kali: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatoa kifungo kisichopungua miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Ukali huo haumrudishii mama mwanawe.

Na hapa mwenye pikipiki ana mkono wake, hata akiwa amelala nyumbani. Hesabu ya 10,000 kwa siku haijui mvua wala foleni ya Ubungo. Siku kijana ana 6,000 saa nne usiku, atabaki barabarani mpaka saa nane kutafuta 4,000 zilizobaki, na abiria wa saa nane ndiye nisiyemtaka ampakie. Katika mkataba wako weka saa ya mwisho ya kazi, tuseme saa nne usiku, na useme wazi kwamba siku mbaya hesabu itapungua na itafidiwa baadaye bila faini. Ukizidisha 10,000 kwa siku 26 za mwezi kwa miezi 15 unapata 3,900,000. Jumla hiyo inavumilia siku kadhaa za 6,000.

Kipengele cha pili naona ni cha lazima kuliko vifaa vyote vilivyotajwa humu. Mikataba mingi ya mjini inasema pikipiki ikipotea, kwa sababu yoyote, dereva atalipa. Fikiria kijana wa miaka 22 ameshikiwa panga shingoni gizani. Anajua akiiachia pikipiki atalipa milioni tatu ambazo hatazipata maisha yake yote, na wadhamini wake ni mama yake na mjomba. Atapigana. Wewe ndiye utakayekuwa umemwambia apigane, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Andika kinyume chake: akiporwa akiwa kazini, aachie, aondoke, atoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu mara moja, na deni halitamwangukia. Uzembe, kama kuacha ufunguo kwenye swichi akala chipsi, uandikwe mahali pake, na adhabu yake ijulikane. Msome naye mkataba huo kwa sauti, asiusaini tu kwa haraka ya kupata chombo.

Najua utasema: je, akijiibia mwenyewe akasingizia kuporwa? Inatokea. Wizi wa kuaminiwa ni wa kweli, na hakuna kufuli linalouzuia kwa sababu wewe mwenyewe ndiye uliyempa ufunguo. Unauzuia kabla. Chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA, leseni ya daraja A na barua ya serikali ya mtaa anakoishi kweli. Tafuta wadhamini wawili ambao umefika kwao ukaona mlango. Nenda kijiweni kwake mchana, uongee na mwenyekiti wa kijiwe, uulize alikuwa anaendesha chombo cha nani kabla ya chako na kwa nini waliachana. Swali hilo moja limewaokoa wengi. Mkataba useme pia kwamba pikipiki ni mali yako mpaka hesabu ya mwisho ilipwe. Usiposema hivyo, siku ukienda kushtaki unaweza kuambiwa hili ni suala la madai, nenda mahakamani mkadaiane.

Bima nitaipitia kwa haraka. Ile bima ndogo, ambayo sheria inakulazimisha kuwa nayo, hulipa madhara uliyomsababishia mtu mwingine. Wizi haimo. Bima kubwa hulipa wizi, lakini uliza mambo matatu kabla ya kulipia: inakubali pikipiki ya biashara ya abiria? Inalipa ikiwa dereva mwenyewe ndiye aliyetoroka nayo? Na thamani iliyoandikwa ni ile ya leo au ya siku ya kununua? Majibu yawe kwenye karatasi. Stika unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na mkigombana kuhusu malipo ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kwa mtu anayenunua chombo kwa mkopo, mimi ningeanza na bima kubwa kabla ya GPS, fedha isipotosha kwa vyote viwili.

Karatasi zako zikae pamoja: kadi iliyo kwa jina lako, risiti, ufunguo wa akiba, na picha ya namba ya chesisi na ya injini ulizopiga mwenyewe zikionekana vizuri. Piga picha pia ya alama zako za pekee, pale tangi lilipobonyea, mshono wa siti, mahali fundi alipochomelea keria. Pikipiki ikikamatwa bila namba za usajili katikati ya nyingine zinazofanana nayo, alama hizo ndizo zitakazokutambulisha. Jua pia kwamba ikipatikana inaweza kubaki kituoni kama kielelezo mpaka kesi iishe au mahakama itoe amri irudishwe. Uliza mapema utaratibu wa kuiomba, usingoje ikae juani mwaka mzima.

Ikitokea tena, Mungu apishe mbali, saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Kutoka Kimara mtu anayekimbia usiku anapita Kibaha kabla hujamaliza kuvaa viatu na kuamsha majirani, au anashika njia za ndani na kutokea Barabara ya Nyerere au ya Kilwa. Piga 112. Nenda kituoni upate RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na namba za chesisi ziwe kwenye simu yako. Dereva wako atume taarifa kwenye makundi ya vijiwe, kuanzia Mbezi mpaka Mlandizi, kwa sababu bodaboda wanaona barabara kuliko mtu yeyote. Tangazo la mtandaoni lenye namba yako ya simu na neno "zawadi nono" litakuletea matapeli: "Nimeiona Mkuranga, nitumie nauli niifuatilie." Usitume hata shilingi. Kama unatangaza, weka namba ya RB na kituo, atakayeiona aende huko.

Na akikamatwa mtu mtaani, simama mbele yake. Nalisema hili nikijua hasira uliyonayo. Kelele ya "mwizi!" katika mji huu inaweza kumaliza maisha ya mtu kabla hajaulizwa jina, na waliowahi kuuawa hivyo si wote walikuwa wezi. Wamo waliokuwa wamepanda pikipiki inayofanana. Aliye hai anaweza kutaja aliyemtuma, stoo iliko, na mnunuzi ni nani. Ukiona umati unakusanyika, sema wewe ndiye mwenye mali na unataka apelekwe kituoni. Mara nyingi neno la mwenye mali ndilo linalosikilizwa.

Mwisho, kama fedha ya SACCOS itakusukuma kununua iliyotumika, kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu unaweza kununua msiba wa mwenzako na kuja kupokonywa kihalali bila kurudishiwa senti. Namba ya chesisi ina tarakimu na herufi 17, na haina kamwe herufi I, O wala Q. Ukiiona mojawapo hapo, imegongwa na mtu. Boxer iliyotengenezwa India huanza na MD2, TVS ya India na MD6, za Kichina huanza na L. Pitisha kidole juu ya namba kwenye shingo ya fremu: zikiwa hazijanyooka, au rangi yake ni mpya kuliko ya fremu nzima, au kuna msasa pembeni, ondoka. Linganisha na kadi, herufi kwa herufi, ya injini pia. Kisha mwambie muuzaji mwende pamoja ofisi ya TRA mkahakiki kadi na kubadilisha umiliki siku hiyohiyo, na fedha uilipe mkiwa hapo baada ya uhakiki. Anayesema "kadi iko kwa kaka Mwanza, ataituma" usimpe hata ya kuishikia.